Nyuzi za Darubini ya Bi Una

Kijiwe chetu kiko barazani kwa Gerda Obst, muoka mikate, barabara kuu ya Hanlon, mji wetu mdogo wa ngano, ukitazamana na maghala ya ngano na reli isiyopitisha treni tena. Benchi ni la mataruma ya reli hiyohiyo. Kahawa inatoka kwenye birika la Gerda, na birika likiisha kila mtu ashike njia yake. Wakazi wa kudumu tulikuwa watatu. Garth Nankivell, tunayemwita Mfupi kwa kuwa hakuna mlango Hanlon anaoupita bila kuinama, alipanga sufu ya kondoo kwa madaraja ya ubora kwa miaka arobaini. Lachlan Hoskin ni Buluu, maana alizaliwa na nywele nyekundu kama kutu, na kwetu mwenye nywele nyekundu huitwa Buluu tangu enzi za mababu, usiniulize kwa nini. Alikuwa mshika ishara wa treni, kazi ya kukaa peke yake na kuwaza, na yote aliyoyawaza huko anatumaliza nayo sisi. Na mimi, Ellis Trembath, fundi saa. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia wateja “dakika moja tu,” basi nikaitwa Dakika, mpaka leo.

Bi Una Trezise hakuwa mtu wa benchi. Alikuwa mtu wa Jumanne. Aliendesha posta yetu hadi akastaafu, na kila Jumanne alikuja kununua pasti ya nyama na viazi, akaketi nasi kikombe kimoja, akasikiliza kamba zetu, akaenda zake. Jumanne moja ya Machi, joto likiwa limeanza kuachia, alikuja na soksi ya sufu yenye kitu kigumu ndani. Akakitoa. Kibomba cheusi, urefu wa kiganja, kina kioo huku na kioo huku.

— Mnakijua hiki? akauliza.

— Bomba la moshi la pikipiki, Buluu akajibu bila hata kutazama vizuri.

— Ni darubini ndogo, inafungwa ubavuni mwa ile kubwa yangu. Ile kubwa ni kama kuchungulia anga kwa mrija wa soda. Unaona mbali lakini unaona padogo. Sasa nyota utaipataje? Hii ndogo ndiyo inaona uwanja mpana. Unaisogeza nyota mpaka ikae kwenye msalaba wa humu ndani, basi na kubwa nayo inakuwa imeinasa.

— Haya, na tatizo ni nini?

— Tatizo aliyeiunda alikuwa mchoyo. Kioo cha jichoni ni plastiki, kingo zote ukungu. Na huo msalaba, nyuzi zake nene kama nguzo za uzio. Nyota hafifu ikifika katikati inajificha nyuma ya nguzo. Dakika, unaweza kunitilia kioo kizuri na nyuzi nyembamba?

Nikaipokea, nikafumba jicho moja, nikaielekeza kwenye maghala ng'ambo. Kweli, ule msalaba ulikuwa umekata ghala vipande vinne kama keki.

— Nipe wiki mbili.

— Wiki mbili sawa. Mradi kabla baridi halijaisha.

— Bi Una, baridi hata halijaanza.

— Ndiyo maana nasema.

Akafungua mkoba, akatuonyesha daftari lake. Kila ukurasa duara moja la penseli, na ndani ya duara alichokiona: vumbi la nyota, kiwingu, kijimoshi. Orodha ilikuwa ya vitu mia na ishirini, vyote vya anga letu la kusini. Alikuwa amevipata mia na kumi na tatu, vyote kwa mkono wake, bila mashine ya kumtafutia.

— Zimebaki saba, akasema, na zote ni ngumu. Zamani macho yangu yalikuwa yanapasua. Siku hizi yanataka kusaidiwa kidogo.

— Ya nani hayataki? Mfupi akasema. Tukacheka wote, naye akacheka.

Kioo cha jichoni kilikuwa kazi ya siku tatu. Nilikuwa na darubini ya macho mawili ya jeshi, upande mmoja umevunjika, nikakitoa kioo chake kizima, nikakichongea pete ya shaba, kikaingia kwenye kibomba kama kidole kwenye glavu. Picha ikafunguka pana na safi hadi ukingoni. Zikabaki nyuzi. Na nyuzi hazikai popote tu. Ndani ya bomba kuna mahali pamoja ambapo picha ya anga inasimama, nyembamba kama karatasi. Ukitandika uzi hapo hapo, jicho linaona nyota na uzi kwa pamoja. Ukikosea kwa unene wa ukucha, uzi unageuka ukungu. Kazi ya kutulia, lakini si ya kushinda fundi saa.

Kosa langu ni kulipeleka suala hilo kijiweni.

— Nyuzi za nini? Buluu akauliza.

— Nafikiria shaba. Unachuna waya wa taa, unachomoa uzi mmoja.

— Shaba! Wewe unafanya kazi ya mbinguni kwa vitu vya fundi bomba? Sikiliza bwana. Buibui. Yule mweusi mwenye doa jekundu mgongoni. Enzi za vita bunduki zote zilitiwa uzi wa buibui kwenye darubini. Babu yangu mdogo kazi yake jeshini ilikuwa kulisha buibui.

— Babu yako mdogo alikuwa mpishi, Mfupi akasema.

— Sasa unadhani alikuwa anawapikia akina nani?

— Na huyo buibui utamwambiaje atoe uzi mwembamba?

— Unamnyima chakula. Buibui mwenye njaa anabana matumizi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Nyota ziko juu, Buluu. Ainame nani?

— Ainame buibui.

Mfupi akakunja miguu yake mirefu, akaweka kikombe chini. Ukimwona anaweka kikombe chini, ujue linakuja la sufu.

— Mnahangaika na wadudu na mmezungukwa na kondoo. Sufu ya merino, ile ya daraja la juu kabisa. Nimeshika nyuzi ambazo ni nyembamba mara nne kuliko unywele wako, Dakika, laiti ungekuwa nao.

— Sufu ina mawimbi. Nitapata msalaba uliolewa.

— Unaivuta inanyooka.

— Ukiivuta inakatika.

— Basi nitakutafutia kondoo mwenye sufu iliyonyooka.

— Hakuna kondoo huyo.

— Kwa Pengelly yuko mmoja. Nampa wiki tatu, wakikata sufu tu nakuletea.

Nilimsubiri huyo kondoo. Nasema kweli, mtu mzima na akili zangu, nilimsubiri kondoo wiki tatu. Sufu ilipofika ilikuwa na mawimbi kama ya wenzake. Wakati huohuo Buluu alikuwa na buibui wawili ndani ya chupa ya jamu, anawanyima chakula, na mmoja akamla mwenzake, akanenepa.

Jumanne ya wiki hiyo Bi Una akauliza:

— Imefikia wapi, Dakika?

— Tumefika mbali, Bi Una. Kioo tayari. Tuko kwenye nyuzi.

— Tia chochote. Hata uzi wa kushonea.

— Uzi wa kushonea! tukaguna watatu kwa pamoja, kama ametutukania mama.

— Haraka haraka haina baraka, Buluu akamwambia.

Akatabasamu, akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake, akakikosa. Vidole vilipita kando kabisa. Akapapasa ubao wa benchi taratibu mpaka akakigusa.

— Kahawa ya Gerda siku hizi inakimbia watu, Mfupi akasema.

Tukacheka. Na yeye alicheka.

Mwezi wa Mei nikapata wazo langu mwenyewe, na ndilo lililotuchelewesha kuliko ya wote. Nilisema: uzi hata uwe mwembamba vipi, pale zinapokutana nyuzi mbili ndipo nyota inapojificha. Kwa nini tusitie nne? Mbili kwa wima, mbili kwa ulalo, katikati kibaki kidirisha. Nyota inakaa dirishani, haifunikwi na kitu.

— Kidirisha cha upana gani? Mfupi akauliza.

Hapo ndipo tulipozama. Mfupi alitaka kidirisha kilingane na upana wa mwezi. Buluu alisema mwezi unapanuka na kusinyaa, hautegemeki, tutumie robo ya mwezi. Nikasema robo ya mwezi ni umbo, si kipimo. Akasema ukiona vyaelea vimeundwa. Nikamwuliza hiyo methali imeingiaje hapa. Akasema nyota zinaelea au hazielei?

Juni ikaja na umande mzito wa asubuhi, tukavaa makoti, tukahamia kwenye taa. Maana nyuzi nyembamba gizani hazionekani. Zinataka mwanga mwekundu hafifu, usiochoma jicho lililozoea giza.

— Taa ya nini? Buluu akasema. Wewe si una saa za zamani, mishale yake inang'aa usiku? Kwangua ile rangi upake nyuzi.

— Ile rangi ni sumu, Buluu.

— Kidogo tu.

— Kidogo tu kwenye jicho la mama wa watu?

— Basi wale wadudu wang'aao wa mapangoni. Unamweka mmoja ndani ya bomba, unamwachia tundu la kupumulia. Na nyingine, mmegundua hicho kibomba kinaonyesha vitu juu chini? Nimetazama jana maghala, yamesimama kwa kichwa.

— Ndivyo zinavyokuwa. Mtu anazoea.

— Azoee kwa nini? Mgeuzeni Bi Una. Anafungwa miguu kwenye boriti, anatazama, kila kitu kinakaa sawa. Na damu ikishuka kichwani, macho yanapata nguvu.

Hata Mfupi, asiyecheka ovyo, alimwaga kahawa. Ndipo Gerda akatoka na birika, mikono imejaa unga, akatusimamia.

— Nyie, hicho kitu ni cha nani?

— Cha Bi Una.

— Mbona kinakaa hapa kuliko kwake? Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

— Watoto wa Bi Una wako Adelaide, Buluu akamwambia. Hawahusiki.

Gerda alimtazama kama mtu anayetazama mkate uliokataa kuumuka, akaingia ndani.

Niseme la moyoni. Duka langu nililifunga miaka tisa iliyopita, simu za mkononi zilipoua saa. Tangu siku ile hakuna aliyeniletea kitu na kusema, fundi, naomba. Asubuhi nikiamka, ile darubini ndogo ilikuwa mezani kwangu chini ya taa, inanisubiri. Nilikuwa naifungua, naifuta, nainyoosha pete ambayo imekwisha kunyooka, halafu naileta kijiweni mfukoni kama mtu anayetembea na barua ya mpenzi. Sikuwa mvivu. Sikutaka kazi iishe.

Julai, Bi Una akakosa Jumanne mbili, kisha tatu. Gerda akasema anahisi ni mafua. Baridi lilikuwa kali kweli mwaka ule, mabomba yanaganda alfajiri. Hakuna aliyekwenda kumwangalia. Watu wa Hanlon tunaogopa kusumbuana. Tunaita heshima.

Mwishoni mwa Agosti, alasiri moja nikiwa peke yangu na mvua inapiga bati, niliona aibu bila sababu ninayoijua. Nikachukua waya wa taa ya meza, nikauchuna, nikachomoa uzi mmoja wa shaba. Nikaukata vipande vinne, nikavitandika, nikavibana kwa tone la rangi ya kucha ya marehemu mke wangu. Nikatia taa ndogo nyekundu ubavuni. Jua lilikuwa halijatua nikawa nimemaliza. Shaba. Ile niliyoisema siku ya kwanza.

Kesho yake mchana nikaenda. Bi Una anakaa nyumba ya mwisho, baada yake ni ngano tu. Alinifungulia akiwa amegeuza uso pembeni kidogo, kama ndege anayetazama punje.

— Nani? Dakika?

— Mimi. Nimekuletea.

— Ala! Karibu ndani. Nimeisahau hata sura yake.

Alinipa kiti, akaniwekea chai, na nikaona anavyomimina: kidole kimetumbukizwa ndani ya kikombe kupima chai imefika wapi. Niliona, nikajiambia mwanamke huyu amezeeka ghafla. Akili inaweza kukataa kitu kilichosimama mbele yake.

Tukatoka nyuma ya nyumba, ambako darubini kubwa ilikuwa kwenye kibanda chake. Nikaifunga ile ndogo mahali pake, nikaielekeza kwenye maghala, yako mbali kutoka pale, na juu ya ghala la kati kuna mlingoti. Nikauweka mlingoti ndani ya kidirisha cha nyuzi nne. Nikwambie, katika maisha yangu sijafanya kazi safi kama ile. Nyuzi zilikuwa kama zimechorwa hewani, na mlingoti umesimama katikati.

— Tazama, nikamwambia.

Akaweka jicho la kulia. Akaliondoa, akaweka la kushoto. Akakaa sana. Akasogeza kichwa huku, akakisogeza huku.

— Umetia nyuzi ngapi?

— Nne.

— Ni nyembamba kweli. Naziona zinavyoingia. Zinatoka pande zote, zinakuja, zinakuja, halafu zinazama kwenye doa.

— Doa? Subiri. Ni umbali wa kioo huo, ngoja nirekebishe.

Nikashika pete ya kioo, nikaanza kuzungusha. Kushoto kidogo. Kulia kidogo. Nikamwuliza sasa je? Akasema bado. Nikazungusha tena. Nikasema labda ni umande, nikatoa kitambaa nikafuta. Sasa je? Bado. Aliniacha nihangaike, kwa huruma tu. Nikatoa bisibisi. Ndipo akanishika mkono.

— Acha, Ellis. Si kioo.

Hakuwahi kuniita Ellis tangu tukiwa shule.

Tukakaa kwenye ngazi ya kibanda. Akanieleza bila kulia. Kitovu cha jicho kinakufa, kingo zinabaki. La kulia lilikufa mwaka jana. Februari, daktari wa Adelaide alimwambia la kushoto linafuata, pengine mwaka, pengine nusu mwaka, na aina aliyonayo yeye haina dawa. Alirudi Hanlon, akahesabu miezi yenye anga safi, akahesabu zilizobaki, saba, akaona inawezekana. Akaifungua ile darubini ndogo, akaitia kwenye soksi, akaja kijiweni.

— Kwa nini hukuniambia?

— Nilikwambia kabla baridi halijaisha.

— Nilidhani unasema habari za anga.

— Najua ulidhani hivyo. Na mimi nilikuacha udhani. Pale benchini ndipo mahali pekee nilipokuwa nataniwa, Ellis. Ningewaambia, mngeanza kunishika mkono kunivusha barabara. La kushoto lilikwenda Julai. Nilikuwa nasoma gazeti, nikaona neno halina katikati.

Sikujua niweke wapi mikono yangu. Yeye ndiye alikuwa ananifariji mimi, na hilo likazidi kuniumiza.

— Unajua kitu cha kuchekesha? akasema. Vile vitu hafifu, hata mwenye macho mazima havitazami moja kwa moja. Anavitazama kwa pembe ya jicho, ndipo vinatokea. Na pembe ninayo bado. Kikiwekwa mbele yangu huenda nikakiona. Ila kukifikisha pale kunataka katikati.

— Basi nitakutafutia mimi.

— Zile mia na kumi na tatu nilizitafuta mwenyewe.

Lakini siku chache baadaye akakubali, nadhani kwa ajili yangu. Nilikwenda jioni tatu, giza likiingia tu, na ramani yake na taa nyekundu. Nilikuwa na darubini ndogo bora kuliko zote katika wilaya, kazi ya mikono yangu, na sikujua pa kuielekeza. Mtu wa miaka sabini na mbili, nimelala chini ya anga hilo maisha yangu yote, sijawahi kutafuta hata nyota moja. Alikuwa ananielekeza kwa mdomo: shuka kutoka ile angavu, fuata pembetatu, sasa kushoto. Nami nilikuwa naipoteza pembetatu, maana kila kitu kimesimama kwa kichwa. Jioni ya tatu alisema amechoka, tuache.

Septemba binti yake akaja kumchukua, wakaenda Adelaide. Darubini akaiacha shule ya hapa. Daftari alikwenda nalo, kurasa saba zikiwa na duara tu.

Niliwaeleza wenzangu kijiweni, kwa ufupi. Mfupi alivua kofia, akaiangalia ndani. Kwa wiki kadhaa tulizungumzia mvua na bei ya ngano, kama watu wengine.

Kisha Oktoba, asubuhi moja, akaja mgeni. Jamaa mmoja Mtonga wa visiwani, mpana wa mabega, anaitwa Tavita, kaletwa kubadilisha mabati ya paa la shule. Alinunua pai mbili, akauliza kama mwisho wa benchi una mwenyewe, akakaa.

— Samahani wazee. Nani hapa anaitwa Dakika?

— Mimi.

— Nimeona kazi yako. Kuna darubini chumba cha sayansi, mwalimu akaniachia nichungulie kile kidogo cha ubavuni. Bwana wee! Zile nyuzi! Mimi kazi yangu kupiga mistari iliyonyooka, lakini vile, hapana. Umetumia nini?

— Shaba, nikasema.

— Kazi ya benchi zima ile, Buluu akadakia, na nikaona kifua kinamtoka kidogo. Si kazi ya siku moja. Tulichambua buibui, tukachambua sufu…

— Kwa Pengelly nilikwenda mwenyewe, Mfupi akasema.

— Tukachambua kidirisha, tukachambua taa. Miezi mitano na ushee.

— Miezi mitano! Tavita akapiga mluzi. Ilikuwa ya nani?

Tukamweleza. Hatukupanga kumweleza yote, lakini mmoja akianza, mwingine anamalizia. Buluu alisimulia soksi na pasti. Mfupi alisimulia kile kikombe kilichokimbia. Mimi nikasimulia yaliyobaki, mpaka kurasa saba. Gerda alikuwa amesimama mlangoni na birika, hajamimina.

Tavita alitafuna pai yake pole pole. Kisha akauliza, na halikuwa swali la kutusuta. Lilikuwa swali la fundi anayetaka kuelewa kazi ya fundi mwenzake.

— Samahani, mimi sijui mambo haya. Hiyo miezi mitano, darubini kubwa ilikuwa inatafuta nyota kwa kutumia kitu gani?

— Haikuwa na kitu, nikasema. Ndogo ilikuwa kwangu.

— Na zile za kwanza, mia na kumi na ngapi?

— Kumi na tatu.

— Hizo alizipata kwa darubini ndogo gani?

— Hiyohiyo.

— Ile yenye nyuzi kama nguzo za uzio.

— Ndiyo.

Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akatutazama mmoja mmoja.

— Kwa hiyo ilikuwa inaonyesha?

Mfupi akamtazama Buluu. Buluu akanitazama mimi. Ng'ambo ya barabara lori la ngano lilisimama, likapiga honi, likaondoka. Gerda akaja, akaanza kukusanya vikombe kimoja kimoja, na changu kilikuwa bado na nusu.